Mahojiano ya Koku na Ndoo ya Senene

Asubuhi ile, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nimekaa chini ya meza ya chakula nimeshika waya.

Nieleze kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi. Dada yangu Kokugonza amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Uingereza. Atasomea magonjwa ya samaki wa kufugwa. Pasi anayo. Cheti cha kuzaliwa anacho. Kipimo cha kifua kikuu alikifuata Dar, akapigwa picha ya mapafu, akarudi na karatasi. Kilichobaki ni barua moja tu ya chuo, ambayo bila hiyo ombi la viza halipokelewi. Na barua hiyo haitoki mpaka uhojiwe kwa video.

Kompyuta tuliazima kwa Machibya, jirani yetu fundi simu. Ina ugonjwa wake. Betri imekufa, na waya unapoingia kwenye kile kitofali cha chaji haushiki mpaka mtu aupinde kushoto kidogo, aushikilie hivyo hivyo. Ukiachia, inazima.

Kazi hiyo nilipewa mimi, Rebeka. Mama alikuwa sokoni, na mimi kukaa mahali bila kusema neno nakuweza. Wageni wakija kwetu Buzuruga wanaambiwa "na mdogo wake yupo," wanaamini tu.

Sasa tulipoishia. Yule mhojaji alikuwa amezima kamera yake. Tulichoona ni kiboksi cheusi chenye herufi B. Kiboksi kikamwambia Koku kwa Kizungu, na Kizungu chote leo nakiweka kwa Kiswahili: "Tafadhali zungusha kamera nione chumba kizima."

Na kanuni ya kwanza kwenye mwaliko ilisema mwombaji awe peke yake.

Koku akabana meno. "Beka, jongea," akanong'ona bila kufungua midomo.

Akainua kompyuta, akaanza kuzunguka nayo taratibu. Kompyuta ikivuta waya, waya ukinivuta mimi. Nikatambaa kuzunguka mguu wa kwanza wa meza, nikatambaa kuzunguka wa pili. Kamera ikaona makochi na vitambaa vyake. Ikaona friji la sebuleni. Ikaona kalenda ya parokia, na picha ya mahafali ya Koku ambayo mama ameiwekea taa kama ya mtakatifu.

Mimi niliona miguu ya Koku tu.

"Asante," kikasema kiboksi. "Kwa hiyo uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Vizuri. Tuendelee. Nani atakulipia ada?"

Jibu hilo Koku alikuwa amelikariri kama sala. "Shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Anaitwa Josepha. Ni mkulima wa kahawa na migomba wilaya ya Muleba."

"Mara ya mwisho mmeonana lini?"

Mlango ukagongwa.

"Hodi humu ndani. Hodi kwa watu wa Ulaya."

Ilikuwa sauti ya shangazi Josepha mwenyewe. Tulimtegemea Jumamosi. Aliona meli ya Bukoba ina nafasi, akapanda, asubuhi akashuka bandarini Mwanza, akachukua bodaboda mpaka mlangoni kwetu. Mlango wetu haufungwi mchana. Akaingia. Kichwani ana ndizi, mkononi ana ndoo ya bluu yenye mfuniko.

Msomaji, kama hukulelewa kwa Wahaya nikueleze jambo. Mkubwa akiingia, mtoto wa kike anapiga magoti. Haulizwi ana miaka mingapi. Haulizwi ana digrii. Magoti kwanza, digrii baadaye.

Koku akaangalia kamera. Akamwangalia shangazi. Nadhani kichwa chake kilisema baki kwenye kiti. Magoti hayakukisikiliza kichwa.

Akashuka. Puh. Tukawa uso kwa uso chini ya meza, mimi na waya wangu, yeye na suti aliyoazima.

"Shikamoo shangazi," akasema, macho kwangu.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Mama hajambo? Mmelalaje? Hilo joto lenu mnaliwezaje? Yule mbuzi wenu alizaa?"

"Alizaa, shangazi."

"Wangapi?"

Huwezi kusimama mkubwa hajamaliza. Na shangazi Josepha hamalizi. Akauliza majirani. Akauliza mgongo wa mama.

Juu ya meza, kiboksi kikaanza kuhangaika, kikimwita Koku kwa jina la baba. "Bi Rwehumbiza? Unanisikia? Bi Rwehumbiza, naona kiti kitupu."

Shangazi akanyamaza. "Nani huyo anaongea?"

"Mzungu, shangazi. Wa chuo."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Mbona hasalimii?" Akainama kunyanyua ndoo yake, ndipo akaniona. "Na huyu mdogo wako naye amefanya nini mpaka mmemweka chini ya meza? Umeadhibiwa, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Toka basi unisalimie."

Nikaonyesha waya. Shangazi akaangalia waya, akaniangalia mimi, akaguna. Yeye ana mashine ya kukoboa kahawa ambayo haiwaki mpaka ipigwe teke. Akaelewa.

Koku akapanda kwenye kiti, amejifuta magoti, anatabasamu tabasamu la picha ya pasipoti. "Samahani sana. Shangazi yangu amefika sasa hivi. Kwa mila zetu lazima nimsalimie chini."

Kiboksi kikamkumbusha: "Ulisema uko peke yako."

"Wakati ule ilikuwa hivyo."

"Sawa. Maadamu mdhamini wako yupo, ni bahati nzuri. Ninaweza kumuuliza maswali machache? Wewe utatafsiri."

Koku akajibu upesi: "Anaweza, bila shaka."

Shangazi akavuta kiti, akakaa mbele ya kamera, ndoo mapajani. "Anasemaje?"

"Anauliza kama kweli utanilipia ada."

"Mwambie sisi hatukuanza leo. Babu yako alisomesha watu wakati wengine wanachunga. Nimlipie nani nisipokulipia wewe?"

Koku akatafsiri: "Anasema ndiyo."

"Muulize shangazi," kikasema kiboksi, "anafahamu kwamba mwanafunzi mwenye viza anaruhusiwa kufanya kazi saa chache tu kwa wiki?"

Koku akalainisha. "Shangazi, anauliza kuhusu mimi kufanya kazi huko."

"Kazi?" Shangazi akacheka. "Mwambie asiwe na wasiwasi kabisa. Mtoto wetu siyo mvivu. Mchana atasoma, usiku ataosha wazee wa Kizungu kwenye makao yao. Mtoto wa Bagenda wa pale Kamachumu alikuwa na kazi tatu na shule anasoma. Na wa kwetu hatashindwa."

Nikaona vidole vya miguu vya Koku vinajikunja kwenye viatu vya wazi.

"Anasema," Koku akatafsiri, "kwamba masomo ndiyo ya kwanza."

"Hayo maneno mengi yote yalikuwa hayo tu?"

"Kihaya kina maneno marefu."

"Ni Kihaya alichoongea?"

"Kimechanganyika."

Kisha likaja lile swali ambalo Koku alikuwa analisubiri wiki nzima, lile ambalo kila mtu aliyenyimwa viza anasema ndilo lililomwangusha.

"Ukimaliza masomo utafanya nini?"

Hapo dada yangu hakukariri. Sauti yake ilibadilika, hata mkono wangu kwenye waya ulijua. "Nitarudi. Nafanya kazi kwenye vizimba vya sato, hapa Ilemela, ziwani. Mwaka jana walianza kuelea, matumbo juu. Wenye vizimba wakaniita kwa sababu mimi ndiye mwenye digrii. Nikasimama kwenye mtumbwi nikaangalia. Sikujua wanaumwa nini. Nikawaambia subirini kesho. Kesho yake hakukuwa na samaki wa kusubiri. Nakuja kusoma hicho ambacho sikukijua siku ile, halafu narudi."

Tukasikia kiboksi kinagonga vitufe. "Hilo ni jibu zuri," kikasema. "Na shangazi, ana mpango gani juu yako?"

Ilikuwa imebaki hatua moja, msomaji. Laiti shangazi angejibu "arudi."

"Anauliza nikimaliza iweje," Koku akamwambia, akamkonyeza.

Shangazi hakuona mkonyezo. "Iweje tena? Ukae. Kwani mtu anapanda ndege kwenda kugeuza? Ukae, upate makaratasi, upate mume mwenye pua ndefu, utuite na sisi mmoja mmoja. Rebeka wa kwanza. Samaki wa Mwanza watajifia wenyewe, walikuwa wanakufa kabla hujazaliwa."

Koku akaangalia kamera. "Anasema anatamani nirudi haraka, atanikumbuka."

"Mmh," kikasema kiboksi.

Shangazi akaona mambo yanaenda vizuri. Akafungua mfuniko wa ndoo, harufu ikanifikia mpaka chini. Senene, panzi wa kwetu Bukoba, waliokaangwa wakakauka vizuri, wale wa kutunza. Akainua ndoo mbele ya kamera.

"Na mwambie hawa ni wake. Nilikuletea wewe wa safari, lakini nitakutafutia wengine. Yeye atoe barua leo leo, mimi namtumia ndoo nzima. Nani anakaa ofisini anatoa barua kwa mikono mitupu?"

"Anakusalimu," akatafsiri Koku, kwa sauti ya mtu anayezama.

Shangazi akaendelea kuishikilia ndoo juu.

Kisha kiboksi cheusi kikawaka. Akatokea kijana mweusi, mwembamba, amevaa sweta, nyuma yake dirisha lina mvua.

"Shangazi, shikamoo," akasema.

Kwa Kiswahili.

Mimi nilitaka kuingia ndani ya sakafu, lakini ni saruji.

"Marahaba mwanangu," shangazi akaitikia, amefurahi kama mtu aliyeona ndugu stendi. "Kumbe unajua kusalimia. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi naitwa Brian Kiptoo. Nimezaliwa Eldoret. Niko na miaka kumi huku, lakini Kiswahili haijapotea. Hiyo yote mmeongea nimesikia."

"Mkenya," shangazi akamwambia Koku, kana kwamba Koku haoni. "Si ungesema mapema, baba, tungeongea kwa uhuru."

"Mmeongea kwa uhuru sana, shangazi."

Koku akafunika uso kwa mikono miwili.

"Sasa mnisikize," Brian akasema, na sauti ikawa ya ofisi ingawa Kiswahili kilikuwa cha nyumbani. "Hii mahojiano inarekodiwa. Shangazi, mwanafunzi akizidisha saa za kazi viza inafutwa, anarudishwa nyumbani kama mzigo. Hiyo mambo ya kuosha wazee usiku kucha usimfundishe. Na mimi siwezi pokea zawadi. Hata senene moja."

"Hata wa kuonja?"

"Hata wa kuonja. Hiyo wanaita hongo."

Shangazi akafunika ndoo polepole. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake mtu kukataa senene wake, na alikuwa anatafuta ukoo wa mtu huyo umekosea wapi.

"Na wewe Kokugonza," akasema Brian. "Umeniambia uko peke yako. Halafu umenitafsiria vitu havikusemwa. Ningeandika hivyo vile ilivyo, barua hutapata. Unajua?"

"Najua," akasema Koku, sauti ndogo.

"Lakini hiyo jibu ya samaki, hukudanganya. Mimi nimehoji watu wengi, najua mtu akikariri. Kwa hivyo kuna kitu moja unaweza fanya. Ni moja tu, na lazima ikuwe leo, kabla sijatuma ripoti jioni. Ukiifanya, naweza kukutetea kwa wakubwa wangu. Nitakuambia saa hii." Akasogea karibu na kamera. "Lakini kwanza nataka kujua. Wewe wa chini ya meza. Unaitwa nani?"

Mimi?

Mtu wa Uingereza, anarekodi, ananiuliza mimi jina?

Mikono ikaja mdomoni yenyewe, yote miwili.

Yote miwili, msomaji.

Kompyuta ikazima.

Nilirudisha waya haraka, nikaupinda kushoto, nikaupinda kulia, nikaupinda kama ufunguo. Machibya hakutuambia kwamba ikizima ghafla inachukua muda wa kuchemsha maharage kuwaka tena. Ilipowaka, Koku akabonyeza kile kiungo cha mahojiano. Yakatoka maandishi mekundu: kikao kimefungwa.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa afadhali.

Koku alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni na suti yake. Alivua viatu. "Kitu kimoja," akasema. "Alisema kuna kitu kimoja."

"Tutakikisia," shangazi akasema. "Labda ni kuapa kwa wakili."

"Kuapa nini, shangazi?"

"Kwamba utarudi."

"Au alete uthibitisho wa kazi," nilisema mimi, chini kwa chini.

"Au aombe msamaha. Au abadilishe mdhamini, aweke mtu asiyeongea." Shangazi akajiangalia mwenyewe baada ya kusema hivyo. Kisha akasema, "Andika umeme ulikatika. Ukiandika umeme, hata askofu anaamini."

"Shangazi, mtu ametusikia tukimdanganya saa nzima. Tuongeze tena?"

"Nilidhani naisaidia familia." Aliivuta ndoo miguuni kwake. "Mtoto wa jirani yangu alikwenda Ulaya, akarudi baada ya mwaka. Watu wa kijijini walisema amefukuzwa. Mpaka leo wanasema. Sikutaka waseme hivyo kwako. Lile la wale samaki, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza, shangazi. Uliuliza mbuzi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Ni mara chache sana.

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe. Mtu mzima amekuuliza jina, umemzimia kompyuta. Ndivyo mama yako alivyokufundisha?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mjibu."

Namba yake ilikuwepo. Chuo kilimtumia Koku jana yake, ya Wasap, kikasema mtandao ukigoma mhojaji apatikane hapo. Koku alijaribu kuandika, vidole vikagoma. Alianza "Mheshimiwa," akafuta. Alianza kwa Kizungu cha barua ya kazi, akafuta. Mwisho akanipa simu.

Kusema na mgeni siwezi. Kuandika naweza. Nikaandika nikiwa hapo hapo chini ya meza, kwa sababu nimeshazoea:

"Shikamoo kaka Brian. Mimi ndiye wa chini ya meza. Naitwa Rebeka, niko kidato cha tatu. Umeme haukukatika. Nilikuwa nashika waya wa chaji kwa sababu kompyuta ni mbovu, na nikauachia uliponiuliza jina. Dada alisema yuko peke yake na haikuwa kweli, mimi nilikuwepo tangu mwanzo. Lakini sikumpa jibu hata moja. Kuhusu samaki najua kula tu. Anayetaka dada akae huko ni shangazi, naye anasema hakujua habari ya samaki. Dada anataka kurudi. Wale sato walipokufa hakula siku nzima. Ulisema kuna kitu kimoja cha kufanya leo. Hatukukisikia. Tuambie ni kipi, tutakifanya."

Koku akasoma. "Futa hapo pa kula samaki."

"Usifute," akasema shangazi. "Hapo ndipo ataamini."

Nikatuma.

Tiki moja. Tiki mbili. Tukasogeza vichwa, shangazi akapiga magoti naye ili aone vizuri, na sikuwahi kufikiri nitamwona shangazi Josepha amepiga magoti mbele ya simu.

Tiki zikawa za bluu. Ameisoma.

Juu, chini ya jina lake, pakatokea neno: anaandika.

Likapotea.

Likarudi. Anaandika. Koku akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Likapotea tena.

Sasa jua linazama, mama ameingia na kikapu cha dagaa, anauliza kwa nini watu watatu wamekaa chini ya meza na moto haujawashwa. Hakuna aliyemjibu. Huko Uingereza wanakaribia kufunga ofisi, na neno lile halijarudi.